Dirisha Kwake, Umeme Kwangu

Niliichana ile fomu mara mbili, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana, nikaviweka vile vipande vinne juu ya kibodi ya yule dada wa dirisha namba tatu na kumwambia kwa Kiswahili, lugha ambayo hata salamu yake hakuijua, "Haya, kula." Zuhura alikuwa mgongoni, nimemfunga kwa kanga, amelala mdomo wazi, na sauti yangu ndiyo iliyomwamsha. Ilikuwa mara yangu ya nne kufika pale, tawi la chuo katikati ya mji, ghorofa ya pili juu ya duka la jumla la mablanketi, na mara zote tatu za mwanzo nilikuwa mtu na adabu zangu. Hata siku ile niliingia na adabu. Fomu nilikuwa nimeshaijaza nyumbani na kutia saini, kwamba mwanafunzi mwenzangu aitwaye Riziki amechukua kazi yangu ya historia bila ruhusa. Dada yule aliisoma, akatabasamu, akaniambia kwa Kiingereza chake laini, "Vizuri sana, mama. Kesho kutwa alama zako zitarudi. Sasa chukua kalamu, pigia mstari sentensi zote zilizo zako, halafu hapa chini andika kwamba hujui yeye alizipataje." Akanisogezea nakala ya insha yangu. Nikapiga mstari sentensi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Nilipofika sentensi ya funguo, mkono ukakataa. Nikamwambia, "Lakini najua alizipataje." Akasema, "Ukiandika unajua, basi mlishirikiana, na hapo mtaanguka wote wawili. Mama, mie nakusaidia. Nyinyi watu mna hii tabia ya kushirikiana kila kitu." Hapo ndipo nilipochana.

Nayaandika haya kwa sababu mwezi uliopita Riziki aliondoka. Amemfuata mumewe Kanada. Siku ya kumuaga tulikula chumbani kwake, chini, kwenye mkeka, maana kitanda na meza vilishakwenda kwa watu. Yeye kapika sombe, yaani kisamvu cha kwao, na bugali ya muhogo, mie nimeleta pilau, wenzake wa saluni wameleta soda na kelele. Katikati ya kula akainua kidole chenye mafuta, akasema, "Hoja ya tatu!" na akaitoa yote, ile ya insha yangu ya historia, kwa Kiingereza, neno kwa neno, bila kumeza mate. Wenzake wakadhani anaombea chakula. Mie nilicheka mpaka nikalia, halafu nikaendelea kulia kicheko kilipokwisha. Wiki haijaisha, mwenye nyumba akaja na nyundo, akaing'oa mbao iliyokuwa kati ya chumba cha Riziki na changu, akaniambia, kama anayenitunza harusini, "Sasa una dirisha." Zuhura, ambaye siku hizi yuko darasa la kwanza na Kiswahili anakisikia tu, hakisemi, alisimama katikati ya chumba kipya akaniuliza kwa Kizulu chake cha shule, ukuta umekwenda wapi? Dirisha lile nimelitamani miaka, na sasa nalitazama kama mtu aliyeachiwa nguo za mwenzake aliyesafiri: zinamtosha, ila hazimkai.

Nyumba hizi za Bellevue, mtaa wetu hapa Johannesburg, zilijengwa kila moja kwa familia moja yenye piano. Leo kila chumba ni nyumba. Chetu kilikuwa chumba cha kulia chakula cha watu hao wa zamani, na dari yake ina maua ya plasta mpaka leo, nusu ya ua likiwa kwangu na nusu kwa Riziki, kwa sababu mwenye nyumba alikuja asubuhi moja na karatasi za plaiwudi na misumari, akakigawa, na adhuhuri alikuwa ameshamaliza. Hakumuuliza mtu. Alipoondoka, dirisha likawa limeangukia upande mmoja na soketi ya umeme upande mwingine. Siku niliyohamia nilipewa upande wa umeme, kwa hiyo mchana kutwa niliwasha taa kama niko pangoni. Mwenzangu wa upande wa pili sikumjua hata jina. Siku ya pili akagonga, na hakugonga mlango, aligonga ile mbao, nikasikia sauti ya kike: "Jirani, mimi huku niko na jua mingi. Weye uko na umeme mingi. Sasa tufanye namna gani?" Tulitoboa tundu kwa kisu cha mkate, chini kabisa karibu na sakafu, waya wa eksitensheni ukapita kwenda kwake, na mie mchana nikawa naingia kwake na vitabu vyangu kukaa dirishani. Zuhura, aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa, aliligundua tundu lile kabla ya panya. Akawa anapitisha mkono, na kutoka upande wa pili Riziki anamtia kiganjani kipande cha gwinya, yale maandazi ya huku yasiyo na iliki. Mwanangu alikua akijua kwamba ukuta ni kitu kinachotoa chakula.

Mie nilikuwa na kidato cha sita tu, na hasira zangu. Historia ndilo somo pekee nililopata kulipenda, na nilitaka kulifundisha, basi. Mume wangu, Baba Zuhura, alikuwa anauza katika duka lake la spaza, kiduka cha mtaani, huko Soweto, analala hukohuko, Jumapili ndiyo anakuja. Wiki nzima nilikuwa peke yangu na mtoto na kuta. Nikajiandikisha chuo cha kusomea mbali. Riziki alipoona mwongozo mnene mezani kwake akauliza nasoma nini. Nikamwambia Historia ya India na Dunia ya Sasa. "India? Weye na India muko na udugu gani?" Nikamweleza kwamba ndiyo moduli ya lazima mwaka wa kwanza, ukianguka hiyo, mwaka wa pili huuoni. Siku mbili zikapita. Ya tatu akatoa diploma yake ya sekondari ya Kongo, imetafsiriwa na kugongwa mihuri mpaka haisomeki, akasema naye anataka. Anasuka watu miaka na miaka, akasema, vichwa vya Johannesburg anavijua vyote kwa nje; sasa anataka kimoja akijue kwa ndani, chake. Shida yake ilikuwa Kiingereza. Yeye shule alisomea Kifaransa, Kiingereza alikiokota saluni, na Kiingereza cha saluni kina maneno ya nywele, ya waume na ya kanisa. Neno la ukoloni hakina. Hata hivyo akajiandikisha.

Asaimenti ya kwanza ilihusu wafuma nguo wa India na viwanda vya Waingereza. Nikaiandika kama tulivyofunzwa Tanga: utangulizi, hoja sita, hitimisho. Aliyesoma kwetu anajua. Hoja sita ndiyo historia. Ukitoa tano umepungukiwa, ukitoa saba unajitapa. Ikarudi na alama ya kuponea chupuchupu na mstari mmoja wa msahihishaji, kiumbe ambaye mpaka leo sijapata kumwona uso: sikusikii wewe humu ndani, tumia sauti yako, toa mfano wako mwenyewe. Nikaandika barua pepe kuuliza hiyo sauti yangu naitia wapi, kabla ya hoja au baada yake. Jibu lilichukua wiki tatu: soma mwongozo wa moduli. Mwongozo nilikuwa nimeusoma mpaka jalada limebanduka! Nilikaa na ile barua pepe dirishani kwa Riziki nikitukana kwa Kidigo, maana ndiyo lugha yangu ya matusi, mpaka Riziki akamziba Zuhura masikio kwa mikono yake miwili.

Jumatatu saluni yake ilifungwa, kwa hiyo Jumatatu asubuhi ndiyo ilikuwa chuo chetu. Mie nakaa chini kwenye kigoda, kichwa magotini mwake ananisuka, kitabu mapajani mwangu, Zuhura na vitana vyake pembeni, chai ya maziwa kwenye jagi. Nilisoma kwa Kiingereza, nikafasiri kwa Kiswahili, tukabishana, halafu nikaitunga hoja yenyewe kwa Kiingereza kwa sauti, mara tatu, mara nne, mpaka inyooke. Riziki aliirudia nyuma yangu huku akivuta nywele. Mara nyingi alikuwapo Bi Sauda, Mzanzibari wa chumba cha mbele, mama mtu mzima, ambaye alikuja kusubiri zamu yake ya kusukwa na kutuharibia darasa. Jumatatu tuliyofika kugawanywa kwa India aliuliza, "Hao Wahindi wenu leo wamegombania nini tena?"

"Hawajagombana, Bi Sauda. Wamegawanywa. Ikawa nchi mbili."

"Kawagawa nani?"

"Mwanasheria mmoja wa Kizungu. Nchi yenyewe hajapata kuikanyaga. Kaletwa, kapewa wiki chache na ramani, kaambiwa chora mstari."

Bi Sauda alicheka mpaka ushungi ukamwanguka. "Basi si mwenye nyumba wetu huyo na mbao zake! Yule kapata dirisha, huyu kapata umeme, na choo kiko uani kwa wote."

Tukacheka sote. Riziki ndiye aliyeacha kucheka mwanzo. Mikono yake ilisimama kichwani mwangu. "Na wale waliohama, ile siku walipoondoka," akasema, "walifunga milango?" Nikapekua mwongozo, haukusema. Nikamjibu nadhani walifunga. "Banafungaga," akasema Riziki. "Unafunga vizuri, unajaribu kitasa mara mbili, unatia ufunguo kwenye sidiria, unasema Jumapili nitarudi." Akaacha nywele zangu, akafungua pochi yake, akatoa ufunguo wa shaba, mrefu, wa mlango wa mbele wa nyumba ya kwao Uvira. Aliuweka kwenye kiganja cha Zuhura, Zuhura akautia mdomoni. Hatukumnyang'anya. Bi Sauda akasema taratibu, "Haya mwanangu, endelea kusuka," na darasa likaendelea.

Asaimenti ya pili ikaja na swali hilohilo, kugawanywa kwa India, na ndiyo iliyobeba nusu ya alama za mwaka. Nilikaa dirishani siku tatu. Sauti yako, mfano wako mwenyewe! Nikaitazama ile mbao, nikaitazama, na mwishowe nikaandika. Niliandika kwamba mtu anayegawa asichokikalia hugawa vibaya hata akiwa na nia njema, kama anayepiga mbao katikati ya chumba cha Bellevue bila kuangalia dirisha liko wapi. Hoja ya tano nikaandika kwamba watu walifunga milango wakaondoka na funguo, kwa sababu anayefunga mlango anaamini atarudi. Jumatatu nilizisoma hoja zote sita kwa sauti, Riziki akizirudia nyuma yangu kama kawaida, na kwenye sentensi ile nywele zilinisimama. Nilijua safari hii nimeipatia ile sauti wanayoitaka. Upande wa pili wa mbao Riziki naye alikuwa akiandika yake kwenye simu, nikimsikia akinung'unika hoja moja moja kama anayesali rozari. Sikuomba kuiona. Kwa nini niombe? Mwanafunzi mwenzangu anaandika asaimenti yake. Tulikwenda pamoja kwa mtu wa intaneti pale kwenye roboti ya pili, yaani taa za barabarani, tukazituma siku moja, mchana mmoja, kutoka mashine moja, tukanunua kota moja, robo ya mkate iliyojazwa chipsi, tukaigawana.

Barua ilikuja kwetu sote wawili. Kazi hizi mbili zinafanana kupita kiasi, sifuri kwa kila mmoja mpaka uchunguzi ukamilike. Uchunguzi ukithibitisha, moduli imefutwa na jina linaingia kwenye daftari la waliodanganya, na daftari hilo huombwa na kila shule inayotaka kuajiri mwalimu. Nilisoma aya ile nimesimama, mtoto kiunoni. Mwalimu wa historia aliyeandikwa mwizi wa historia! Nikaenda mjini mara ya kwanza, nikaambiwa mhusika yuko likizo. Mara ya pili, mtandao umekwama. Mara ya tatu yule dada wa dirisha namba tatu akanionyesha insha zote mbili ubavu kwa ubavu, zimetiwa rangi ya njano kila palipofanana. Zilikuwa njano kama manjano ya biriani. Sentensi zangu zote sita, nzima nzima, ndani ya kazi ya Riziki. Na mbao. Na Bellevue. "Watu wawili," alisema yule dada, "hawawezi kuwaza mbao moja." Akanipa fomu nikaijaze nyumbani, atakayesaini kwamba ameibiwa ataokoka.

Nilifika nyumbani sikugonga mbao, niligonga mlango, na hapo Riziki akajua kuna jambo. "Umechukua sentensi zangu," nikamwambia. "Umechukua mpaka mbao yangu!"

"Mbao yako?" Alishangaa kweli. "Mbao njo ya mwenye nyumba."

"Usinifanyie mzaha, Riziki. Ungeandika kwa maneno yako."

"Maneno yangu ya Kiingereza iko wapi? Iko ya kusuka." Akaketi kitandani. "Siye kwetu mwalimu anasema kitu, unashika vile alisema. Ukibadilisha neno lake, umemdharau, anakupiga. Mtoto wa kwanza darasani njo ule anarudisha yote bila kuangusha. Mimi nilikuwa wa kwanza. Weye unakuwa mwalimu wangu kila Jumatatu, nikashika yako yote, sikuangusha hata moja. Nilizania utafurahi."

Leo namwelewa mpaka mifupani. Hata sisi Tanga tulikariri, tofauti ni kwamba sisi tulipigwa tukisahau hoja na wao walipigwa wakibadilisha maneno. Lakini siku ile sikutaka kuelewa, nilitaka mtu wa kumtupia. Nikamwambia, Mungu anisamehe, kwamba kuna watu ukiwapa umeme wanachukua na nyumba. Nikarudi kwangu, nikauchomoa waya wake kwenye soketi, nikausukuma nje ya tundu, na tundu nikaliziba kwa tambara. Siku nane. Siku nane Riziki alipikia jiko la mafuta ya taa na moshi wake ukapenya kwenye ufa wa mbao kuja kunikohoza, na wala mlango wa chumba chake hakuufunga. Kila asubuhi aliuacha wazi, kiti changu kiko palepale dirishani, kisha akaenda kazini. Sikukikalia. Nilisomea kwenye taa, kwa kiburi. Zuhura alikuwa akikaa mbele ya lile tambara, ananyoosha kiganja, anangoja. Kisha anageuka kunitazama. Jamani, mtoto wa mwaka na nusu anajuaje kutazama vile?

Jumapili Baba Zuhura akaja, nikamweleza huku namkaangia samaki. Hakuinua uso kwenye simu. "Saini."

"Ni jirani yetu."

"Kwani nimesema usimsalimie? Saini, pasi mtihani wako, halafu msalimie. Wewe umeandika, yeye kakopi. Hapo kuna fumbo gani? Una mtoto, mama. Huna nafasi ya kuanguka kwa ajili ya mtu wa Uvira." Aliposema vile hakuwa mtu mbaya, amechoka, duka lake lilivunjwa mara mbili mwaka ule na mara zote mbili wa kwanza kukimbia walikuwa washirika wake. Alijua anachokisema kuhusu watu. Nikasaini kwenye meza ileile aliyokuwa anakulia, na tone la mchuzi likaangukia kona ya fomu, nikalifuta kwa kidole, halikutoka.

Basi ndiyo fomu niliyoipeleka mara ya nne. Nilipoambiwa nipige mistari chini ya sentensi zangu, nilipiga kwa nguvu kabisa, maana Kiingereza kile kilikuwa changu, nilikitoa jasho. Nilipofika kwenye funguo, kalamu ikiwa hewani, nikaona kile kiganja cha Zuhura na ule ufunguo wa shaba. Sentensi ile haikuwa yangu hata kidogo. Sijawahi kufunga mlango wa nyumba nikaikimbia. Na mbao, nikirudi nyuma kidogo, ilikuwa ya Bi Sauda. Kama ni wizi, insha yangu imeibwa kwa wanawake wawili kabla ya mtu yeyote kuiiba kwangu. Ila mie niliibia kwenye Kiswahili, na mashine ya chuo haijui Kiswahili, haiwezi kukitia njano. Na hapa kuna mtu ananiambia, chora mstari, huku wewe, huku yeye, na uandike kwamba hujui. Nimesoma moduli nzima juu ya bwana aliyekubali kazi ya namna hiyo!

Nilipokwisha kuichana ile fomu, mlinzi akaja. Nilimtarajia anikamate mkono. Alikuwa Mkongo, sare imempwaya mabegani, akanisemesha kwa Kiswahili, chini chini, uso wake ukiendelea kuwa wa kazi ili yule dada asijue. "Mama, toka na mimi taratibu." Tulipofika kwenye ngazi akasema, "Minaona batu banalia hapa kila siku. Hapa sauti hainashikwa. Karatasi njo inashikwa. Andika malalamiko, leta nakala mbili, moja bagonge muhuri, unabaki nayo. Usikubali kuondoka bila muhuri." Akampungia Zuhura kwa vidole viwili akarudi mlangoni kwake, na mie nikashuka ngazi, nikavuka kati ya wauza soksi na wahubiri wa spika, na mpaka nafika stendi ya teksi nilikuwa nimeshapata sentensi ya kwanza.

Nyumbani nililitoa tambara. Sikumwita Riziki. Nilivuta waya wake kwenye tundu, nikauchomeka. Upande wa pili redio ikaanza kuhubiri katikati ya sentensi, kwa sauti kubwa: siku zote nane alikuwa hajaizima. Kisha kipande cha gwinya kikatokeza kwenye tundu, Zuhura akakimbia kwa magoti. Baadaye Riziki akaja, nikamwomba radhi kwa lile neno la umeme na nyumba, akasema neno lile ameshalikariri, atanirudishia siku akikasirika. Nikamwambia tunaandika malalamiko, mimi na yeye. Akanyanyua mikono kama aliyeshikiwa bunduki. "Andika weye. Mimi nitasaini tu. Nikiandika na mimi watasema nimekopi."

Niliandika Jumatatu iliyofuata, asubuhi, dirishani kwake, kwa Kiingereza, kwa mpangilio wa barua rasmi tuliofunzwa Tanga. Nakala yenye muhuri ninayo. Hapa naiweka kwa Kiswahili, lugha tuliyoizungumza.

Kwa Msajili,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA SIFURI MBILI KATIKA MODULI YA HISTORIA YA INDIA NA DUNIA YA SASA

Sisi ni wanafunzi wawili. Tunalalamika kwamba tumepewa sifuri kabla ya mtu yeyote kutuuliza swali moja la historia. Tunalalamika kwamba mmoja wetu alitakiwa aandike asilolijua kuwa kweli, yaani kwamba hajui kazi yake ilimfikiaje mwenzake. Anajua. Aliisema kwa sauti, na mwenzake aliishika kichwani, kama alivyofunzwa shuleni kwao kuwa ndiyo heshima.

Hatukatai kwamba insha zinafanana. Tunakiri kwamba Kiingereza ni cha mmoja wetu. Tunakiri pia kwamba hoja ya funguo ni ya mwingine, aliyewahi kufunga mlango, na hoja ya mbao ni ya jirani yetu ambaye si mwanafunzi wenu. Mashine yenu imeona la kwanza tu. Tulielezwa tutumie sauti zetu. Hizi ndizo, na zilikuwa zaidi ya moja.

Tunaomba mambo mawili. Fomu ile isipewe tena mwanafunzi mwingine yeyote. Na sisi tuitwe, kila mmoja chumba chake, mlango umefungwa, bila karatasi, mtuulize India iligawanywaje na iliwagharimu nini waliogawanywa. Atakayeshindwa kujibu, mpeni sifuri yake.

Kama bado mnaona watu wawili hawawezi kuwaza mbao moja, anwani yetu iko hapo juu, na ni moja. Kati ya chumba chake na changu ipo mbao hiyo, ina tundu chini. Karibuni. Mkigonga upande wowote, tutaitika wote wawili.